Asiyeamini Hazeeki: Mkana Mungu katika Riwaya ya Kiswahili na katika Maisha ya Umma

Katika riwaya ya Kiswahili, mtu asiyeamini kuwako kwa Mungu hazeeki. Hutokea akiwa kijana, msomi, mwenye ulimi mkali. Huuliza maswali ambayo wazee wake hawana majibu yake, kisha hufa, au hupotea katika njozi, kabla kichwa chake hakijaota mvi. Hatumwoni akipokea posa ya binti yake. Hatumwoni akikaa matangani, akichanga fedha za harusi ya jirani, akibishana na fundi kuhusu paa linalovuja, au akimsubiri mkewe nje ya kanisa kwa sababu ibada imechelewa kuisha na chakula kinapoa nyumbani.

Makala haya yanadai kwamba upungufu huo ni wa kisanaa kabla haujawa wa kijamii, na kwamba yote mawili yana mzizi mmoja: tumezoea kumfikiria asiyeamini kama hoja ya kujibiwa, hatujazoea kumfikiria kama jirani wa kuishi naye. Mahali ambapo fasihi haijamsawiri mtu, sheria inayomlinda husimama peke yake, na sheria inayosimama peke yake ni rahisi kuisukuma.

Mimi mwenyewe si muumini. Nimelelewa katika nyumba ambayo siku ilianza na kuisha kwa sala, nimefundishwa kusoma na watu wa dini, na ndugu zangu walio wengi ni waumini ambao nisingependa wawe vingine. Nalitaja hili mapema ili msomaji ajue sauti hii inatoka upande gani wa chumba. Hoja zenyewe zipimwe kwa uzito wake.

Tuanze na maneno, maana mtu huonekana kwanza katika jina analopewa. Kiswahili kina majina mengi ya kumwita asiyeamini, na karibu yote yameazimwa kutoka katika ugomvi wa watu wengine. Kafiri ni neno la Mwislamu kwa asiyeukubali Uislamu. Mkristo mcha Mungu naye amo. Mpagani ni neno la wamisionari kwa asiyebatizwa, hata kama mtu huyo anatambikia wahenga wake kila mwaka, yaani ana imani tele. Mlahidi ndilo lililo karibu zaidi na maana tunayoitafuta, lakini limebaki katika vitabu na hotuba za masheikh, na mara nyingi hutamkwa kama shutuma. Mzandiki lina historia ya kufundisha zaidi kuliko yote. Katika Kiarabu, asili yake ni jina la mtu aliyeshukiwa kuwa na uzushi, au kutoamini kulikofichwa. Katika Kiswahili mzandiki ni mnafiki, mwongo, mtu wa nyuso mbili. Katika safari hiyo kutoka lugha moja hadi nyingine, shaka ya kidini iligeuka kuwa ila ya tabia.

Linabaki mkana Mungu, ambalo ndilo linalotumika sana katika maandishi ya kitaaluma, na ambalo nimelitumia katika kichwa cha makala haya kwa sababu msomaji analifahamu. Lakini hebu tukitazame kitenzi chenyewe. Mtu hukana deni. Hukana mtoto. Hukana shtaka mbele ya hakimu. Petro alimkana Yesu akiwa anamjua vizuri sana. Kukana, katika matumizi yetu ya kila siku, ni kukataa jambo ambalo msikilizaji anashuku kuwa ni la kweli na kwamba mkanaji analijua. Jina hili basi limeshatoa hukumu: kwamba asiyeamini anaujua ukweli moyoni na anafanya inda. Ndiyo maana kuanzia hapa nitasema asiyeamini. Neno hilo halina sauti ya kibwagizo, lakini halimshtaki mtu.

Neno la pili linalohitaji kupimwa ni uvumilivu, ambalo katika hotuba za viongozi wetu ndilo dawa ya kila mgongano wa kidini. Tunavumilia njaa, jua na maumivu ya jino. Hata ustahimilivu, neno lenye heshima zaidi, lina mzizi mmoja na hamali: ni kubeba mzigo. Anayevumiliwa, kwa mantiki ya lugha yetu, ni mzigo juu ya mabega ya mwenziwe, na mbebaji ana haki ya kuutua siku akichoka. Uvumilivu si jambo baya, kwani uko mbali na mapanga na moto. Ila ni sakafu, na mtu hawezi kuishi maisha yake yote amelala sakafuni.

Lugha hii hii imetuhifadhia kipimo kingine, cha zamani na chenye busara zaidi. Wahenga walisema: kafiri akufaaye si Isilamu asiyekufaa. Methali hii ilizaliwa katika jamii ya Waislamu wa pwani, watu waliojua vyema nani ni nani kwa dini. Haifuti tofauti ya imani, na wala haimwiti kafiri kwa jina la kumpendeza. Lakini inapofika kwenye maisha ya pamoja, yaani biashara, ujirani, ugonjwa na safari, inaweka matendo juu ya imani. Walioisema hawakuhitaji kufundishwa na mtu wa nje maana ya maisha ya umma. Swali langu ni kwa nini riwaya yetu, ambayo imezipenda methali kiasi hicho, haijaijengea methali hii mhusika.

Jibu haliwezi kutafutwa bila Euphrase Kezilahabi, ambaye zaidi ya mwandishi mwingine yeyote wa Kiswahili aliifungulia shaka mlango wa mbele. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma seminari ya Nyegezi, akaandika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison, akafariki mwaka 2020. Mtu aliyepita seminari anajua mahali nyufa za jengo zilipo, na Kezilahabi aliziandika kwa mkono usiotetemeka.

Kichwamaji (1974) inaanza Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, akisubirishwa katika ofisi ya Manase, rafiki yake wa utotoni aliyekwishakuwa mkubwa serikalini. Kusubiri huko ndiko kitabu kizima kwa ufupi: mtu amefika mahali alipotarajia kupata maana, na anaambiwa akae kwenye benchi. Kazimoto anautilia shaka utaratibu wote aliokabidhiwa, kuanzia mila hadi Mungu. Wahakiki wameisoma riwaya hii kwa miwani ya udhanaishi, na wamefanya vizuri. Lakini miwani hiyo imewafanya wengi waruke jambo la kawaida zaidi, yaani jinsi riwaya inavyozipanga sababu za maafa.

Manase amemharibia maisha Rukia, dada yake Kazimoto. Kazimoto naye anamkaribia Sabina, dada yake Manase, kwa nia ya kulipiza kisasi, kisha anampenda na kumwoa. Mtoto anakuja, naye anakuja na maafa, na nyuma ya maafa hayo kuna ugonjwa uliotokana na starehe za ujana. Mwisho Kazimoto anajiua. Hapa kuna sababu mbili zilizowekwa katika fuko moja. Ya kwanza ni ya kidunia kabisa: wanaume wawili wenye elimu na madaraka waliowatumia wanawake, na gharama ikalipwa na wanawake na watoto. Ya pili ni ya kifalsafa: mtu aliyefikiri hadi akakosa sababu ya kuishi. Mwandishi hasemi popote kwamba ya pili imezaa ya kwanza. Lakini jina la kitabu, ambalo ni la ugonjwa wa kichwa na papo hapo ni la mtu asiyesikia la mtu, linamwalika msomaji aone kwamba kufikiri ndiko kulikovimba.

Kila mara ninapoifundisha riwaya hii, mwanafunzi mmoja au wawili huandika kwamba Kazimoto aliangamia kwa kuwa alimwacha Mungu. Huwauliza: na Rukia aliangamia kwa kumwacha nani? Darasa hunyamaza, kisha mjadala wa kweli huanza. Rukia hakuwa na falsafa yoyote ya kuadhibiwa kwayo. Kama tunataka kuisoma Kichwamaji kama kitabu cha adhabu, itatubidi tueleze kwa nini adhabu ilianza na asiyekuwa na kosa. Riwaya yenyewe inalijua swali hilo. Ni sisi wasomaji tunaolikimbia, kwa sababu kifo cha Kazimoto kinatupa njia rahisi ya kutokea.

Namna ya pili ya kutomruhusu asiyeamini azeeke ni kumhamishia ahera. Rosa Mistika (1971), riwaya iliyowahi kupigwa marufuku shuleni, ina jina linalotoka katika litania ya Bikira Maria, na kisa chake kiko duniani kabisa: binti, baba mkali na mlevi, shule, chuo, wanaume, aibu. Rosa si mtu asiyeamini. Lakini angalia kitabu kinavyofanya mwishoni. Baada ya kifo, ugomvi wa Rosa na baba yake Zakaria unapelekwa mbele ya Mungu. Swali la kidunia la nani alimkosea nani, ambalo lingeweza kujibiwa na majirani, walimu na sheria, linapelekwa mahakama ya juu kuliko zote. Kisanaa ni hatua ya ujasiri, maana Mungu anafanywa mhusika na anaweza kuulizwa. Hata hivyo, mahali pa kuulizia pamekwisha kuwa mbinguni.

William Mkufya alikwenda mbali zaidi katika Ziraili na Zirani (1999), ambamo vita vya mbinguni na kuzimu vinasimuliwa kwa upana wa utendi. Humo uasi dhidi ya Mungu unapewa ufasaha mkubwa, na nauhesabu ujasiri huo kuwa miongoni mwa mambo makubwa ya riwaya yetu ya miaka ya karibuni. Lakini mwenye shaka anayezungumzia ahera ameshashindwa na samani za chumba. Anawezaje kusema hakuna malaika, naye ameketi mbele yake? Riwaya inampa maneno mengi na kumnyima kitu kimoja tu, uwezekano kwamba alikuwa sahihi.

Namna ya tatu ni ya Nagona na Mzingile, riwaya fupi ambazo Kezilahabi alizichapisha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huko wakati umevunjika, wanafalsafa wa Ulaya wanapita kama vivuli, na mzee Kakulu wa Mzingile amesomwa na wahakiki wengi kama sura ya Mungu aliyebaki peke yake. Hapa shaka imeachiliwa huru kabisa, na hakuna anayeiadhibu. Ila imekuwa huru kwa sababu hakuna anayeishi mtaani. Shaka imepewa jangwa lote lakini haikupewa chumba cha kupanga. Nazipenda riwaya hizi mbili, na nadhani ndizo kilele cha nathari ya Kiswahili ya karne iliyopita. Lakini mtu hawezi kujifunza kwazo namna ya kumsalimia shemeji asiyesali.

Kwa hiyo tuna njia tatu: maradhi, ahera na njozi. Njia zote tatu zinamwondolea mwandishi kazi ngumu zaidi, ambayo ni kuandika siku ya kawaida ya mtu asiyeamini katikati ya watu wanaoamini na wanaompenda. Siku hiyo ina tamthilia ya kutosha. Mkutano unafunguliwa kwa sala mbili, moja ya Kikristo na moja ya Kiislamu, ili kila mtu aone amehesabiwa. Yeye anasimama, anainamisha kichwa kwa heshima ya wenzake, na anajua kwamba hesabu hiyo haikumfikia. Mtoto anarudi shuleni na fomu inayouliza dini, yenye nafasi mbili na ya tatu iliyoandikwa "nyingine". Baba anafariki, na mwana wa kwanza anatakiwa aongoze dua. Akubali, akidanganya mbele ya jeneza? Akatae, akimvunjia mama moyo? Katika swali hilo moja mna riwaya nzima, na haijaandikwa.

Niliwahi kuulizwa, katika usaili wa kazi kwenye chuo kimoja cha nyumbani ambacho si cha dini, nasali wapi. Swali liliulizwa kwa tabasamu, kama mtu anavyouliza umetoka kijiji gani. Nililijibu kweli. Mazungumzo yaliendelea kwa adabu kwa dakika kumi zaidi, kisha yakaisha, na sikuitwa tena. Sina ushahidi kwamba jibu langu ndilo sababu, na silalamiki hapa. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba hakuna katika chumba kile aliyedhani anabagua. Kwao lilikuwa swali la kumjua mtu. Ubaguzi wa aina hii hauhitaji chuki. Unatosheka na kukosa picha ya mtu mwema asiyekuwa na mahali pa kusali.

Sheria, cha ajabu, imeitangulia riwaya. Katiba ya Tanzania inaitaja nchi kuwa isiyofungamana na dini, na kifungu chake cha 19 kinalinda uhuru wa mawazo na imani. Nyerere, Mkatoliki aliyehudhuria misa, alieleza katika Uhuru na Ujamaa (1968) kwamba ujamaa haumtaki mtu awe asiyeamini, wala haumkatazi kuamini. Dini ni jambo la mtu binafsi. Sensa ya Tanzania haijauliza swali la dini tangu mwaka 1967, ili hesabu isiwe silaha. Katiba ya Kenya ya 2010 ina mvutano ndani yake: utangulizi wake unaukiri ukuu wa Mungu, kifungu cha 8 kinasema hakutakuwa na dini ya taifa, na kifungu cha 32 kinakataza mtu kunyimwa kazi au huduma kwa sababu ya imani yake. Viapo vya viongozi katika katiba hiyo vina namna mbili, kuapa na kuthibitisha, na anayethibitisha hayatamki maneno ya kumwomba Mungu msaada. Yaani sheria imemwekea asiyeamini nafasi ya kusimama. Kilichokosekana ni mtu ambaye umma unaweza kumwona amesimama hapo bila kushtuka.

Mshtuko huo ulionekana mwaka 2016. Mwezi Februari, chama cha watu wasioamini kilisajiliwa Kenya, Atheists in Kenya Society. Mwezi Aprili usajili ukasimamishwa, kwa hoja ya utulivu wa umma. Chama kilikuwa kidogo, hakina silaha, hakina jeshi la vijana. Utulivu uliovurugika ulikuwa wa mioyo ya wengine. Kilikwenda mahakamani na kimeendelea na kazi zake. Sensa ya 2019 ilipotoka, Wakenya 755,750 walikuwa wamehesabiwa kuwa hawana dini. Idadi hiyo ingejaza mji mkubwa. Mji huo hauna riwaya hata moja.

Kuna tukio la chama hicho hicho ambalo natamani mwandishi mmoja alichukue. Mwaka 2021 katibu wake alijiuzulu, akieleza kwamba amempata Yesu. Chama kikatangaza habari hiyo chenyewe, kikamshukuru kwa utumishi wake na kumtakia heri katika imani yake mpya. Dunia nzima ilicheka, na kicheko kilistahili. Lakini baada ya kicheko, tazama kilichotendeka: mtu amebadili imani hadharani, na wenzake aliowaacha wamemuaga kwa shukrani. Ni mara ngapi mtu aliyetoka upande wa pili, aliyeiacha dini ya ukoo wake, ameagwa hivyo?

Hapa msomaji muumini ana haki ya kuniuliza kama nadai haki hii kwa ajili ya watu wa aina yangu tu. Ni swali la haki, na historia inalitia nguvu. Albania ilipiga marufuku dini zote mwaka 1967 kwa jina la kutoamini Mungu, na waumini wakafungwa. Ufaransa mwaka 2004 ilikataza alama za dini zinazoonekana waziwazi katika shule za umma, na wasichana wa Kiislamu ndio waliolipa gharama kubwa. Asiyeamini anayeshangilia sheria kama hizo amebadilisha kiti tu, hakubadilisha chumba.

Kipimo changu ni kimoja kwa wote. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwa upande wa wanafunzi Mashahidi wa Yehova waliofukuzwa shule kwa kutoimba wimbo wa taifa. Tukumbuke kwamba wimbo wenyewe, Mungu Ibariki Afrika, ni dua. Wanafunzi wale waliukataa kwa kuwa imani yao ni kubwa. Mimi ningeukataa kwa kuwa sina. Uamuzi uliowalinda wao unanilinda na mimi, ingawa tukikutana njiani tutabishana mpaka jua lizame. Kinyume chake, mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoipa ushindi shule iliyokataa hijabu kwa wanafunzi wa Isiolo, hata kama ilikuwa kwa misingi ya utaratibu wa kesi, waliopoteza hawakuwa Waislamu peke yao. Kila mtu ambaye dhamiri yake haifanani na sare ya shule alipoteza siku ile.

Wasomaji wa jarida hili wanaoishi ng'ambo wanalijua jambo hili kwa ngozi zao. Uingereza, ninakofundisha, ina kanisa rasmi, na maaskofu 26 wana viti katika Bunge la Mabwana, ingawa mitaani dini haiulizwi. Hapa pia nafasi ya asiyeamini haikuja bure. Charles Bradlaugh alichaguliwa kuwa mbunge wa Northampton mwaka 1880, akazuiwa kuketi kwa sababu ya kiapo, akachaguliwa tena na tena, na hakuruhusiwa kuapa hadi 1886. Miaka miwili baadaye sheria ikaruhusu kuthibitisha badala ya kuapa. Leo Mswahili Mwislamu au Mkristo anayeishi Leicester au London anaulizwa kazini kwa nini anafunga, au kwa nini hanywi pombe kwenye sherehe ya ofisi, na anaulizwa kwa tabasamu lile lile nililoliona kwenye usaili. Anajua basi maana ya kuwa mtu ambaye wenzake hawana picha yake. Ujuzi huo tunaweza kuusafirisha hadi nyumbani, kama tunavyosafirisha fedha.

Pingamizi moja la kihakiki linastahili jibu. Itasemwa kwamba riwaya si bunge, na mhakiki hana haki ya kudai viti maalumu kwa kila kundi. Nakubali nusu. Sidai kwamba riwaya imsifu asiyeamini, wala kwamba imuumbe akiwa mwema. Anaweza kuwa bahili, mgomvi, na baba mbaya. Nadai tu kwamba kumuua mapema ni kukwepa kazi. Riwaya yetu imejaa majini, mizimu na mapepo, viumbe ambao hakuna karani wa sensa aliyewahi kuwahesabu, na waandishi wamewapa hasira, wivu na mapenzi. Anayeweza kuiingia nafsi ya jini hashindwi na nafsi ya mwalimu wa hesabu asiyekwenda kanisani.

Itasemwa pia kwamba asiyeamini hana uhusiano wa kweli na fasihi ambayo kwa karne nyingi imefunguliwa kwa jina la Mungu. Ni kweli kwamba tenzi zetu huanza kwa kumtaja na kumsifu Yeye kabla ya kisa. Lakini mimi nimeisoma Al-Inkishafi mara nyingi kuliko nilivyosoma kitabu chochote cha wanafalsafa wasioamini. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauhoji moyo wake mbele ya majumba ya Pate yaliyoporomoka, na onyo lake ni la ahera ambayo mimi siitarajii. Hata hivyo onyo linanifika. Naingia katika utenzi ule kama mgeni aingiavyo msikitini: navua viatu, nakaa kimya, natazama wenyeji wanavyofanya, natoka nikiwa na kitu ambacho sikuwa nacho. Sijawahi kuhisi kwamba heshima hiyo imenidanganya au imenipunguza.

Wasomaji wasioamini wa Kiswahili wamefanya hivyo kwa vizazi, kwa sababu hawakuwa na fasihi nyingine ya kuisoma. Wamefundishwa na fasihi yenyewe kuingia katika nyoyo zisizofanana na zao. Kwa upande wa pili, muumini hajaombwa hata mara moja kukaa kurasa mia tatu ndani ya moyo wa mtu asiyeamini ambaye hajiui, haumwi kichwa, na haamki ahera akiwa amekosea. Usawa ninaouomba kwa riwaya ni huo.

Mwandishi atakayeijaribu kazi hii atakutana na matatizo ya lugha kabla ya yote. Mhusika wake atasema nini mtu akipiga chafya, akinusurika ajali, akizaliwa mjukuu? Je, ataacha kusema inshallah, ambayo Wakristo wengi wa pwani huisema bila kufikiri, au ataendelea, kwa kuwa neno hilo limekwisha kuwa la kila mtu? Katika salamu, atajibu nini akiambiwa tumshukuru Mungu? Mimi hujibu "tushukuru", na kuacha kitenzi bila yambwa. Mama yangu huijua nafasi hiyo tupu, na huijaza mwenyewe kwa sauti ya chini, kisha tunaendelea kuulizana habari za mvua na za wagonjwa.